Matunzo ya Pikipiki Ndogo kwa Mikono Yako Mwenyewe: Oili, Cheni, Breki na Nyongeza Chache za Manufaa

Bajaj Boxer, TVS HLX na pikipiki za Kichina kama SanLG ndizo zinazoonekana zaidi katika vijiwe vya bodaboda vya Tanzania, na ingawa wenye nazo hubishana kila siku kuhusu ipi ni bora, kwa upande wa matunzo zinafanana kuliko zinavyotofautiana. Zote zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, yenye ujazo wa cc 100 hadi 150, cheni ya kawaida na umeme wa volti 12, na nyingi bado zinatumia kabureta. Nyingi kati ya zile za Kichina zimefuata muundo wa injini ya Honda CG125, ambayo iliundwa katika miaka ya 1970 kwa kuzingatia nchi ambako pikipiki hufanya kazi ngumu na kupata matunzo machache. Injini hizi zinavumilia mengi, lakini uvumilivu wake una mpaka, na mpaka huo kwa kawaida hufikiwa kwa sababu ya mambo ambayo mwenye pikipiki angeweza kuyafanya mwenyewe nyumbani kwa saa moja au mbili.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: spana za ringi na za mdomo kuanzia namba 8 hadi 24, bisibisi ya bapa na ya nyota, koleo, spana ya plagi, brashi ya waya, geji ya upepo na mita ndogo ya umeme. Ninashauri ununue spana chache zilizo imara badala ya seti kubwa ya bei rahisi, kwa sababu spana laini hula kona za nati, na nati iliyoliwa kona humfanya mtu atumie patasi na nyundo mahali ambapo hapakuhitaji nguvu yoyote. Tafuta pia kitabu cha pikipiki yako au angalau picha za kurasa zake, kwa kuwa vipimo ninavyovitaja hapa ni vya jumla, na pale kitabu kinaposema tofauti, kitabu ndicho cha kufuatwa.

Oili

Katika pikipiki hizi oili moja inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: inalainisha pistoni na vali, inalainisha gia, na inaziogesha pleti za klachi. Hii ndiyo sababu oili ya gari haifai hata kama ni ya bei kubwa, maana oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukitumia oili hiyo, klachi huanza kuteleza: injini inapiga kelele mlimani lakini pikipiki haiendi. Chagua oili ya pikipiki za mipigo minne iliyoandikwa JASO MA au MA2 kwenye kopo, yaani alama ya oili inayofaa klachi inayooga kwenye oili, na kwa hali ya joto yetu unene wa 20W-50 ndio unaopendekezwa kwa pikipiki nyingi za aina hii.

Vitabu hutaja umbali tofauti wa kubadili oili, na mara nyingi umbali huo umepangwa kwa mtu anayeendesha peke yake kwenye lami. Pikipiki inayobeba abiria wawili kwenye vumbi, ikisimama na kuondoka siku nzima, inachosha oili yake mapema zaidi. Kwa kazi ya bodaboda mimi nashikilia kilomita 2,000, na kwa pikipiki mpya mabadiliko ya kwanza yafanyike mapema sana, kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu vyuma vipya vinaposagana hutoa chembe ambazo hazifai kubaki ndani.

Washa injini kwa dakika tatu hadi tano ili oili ipate joto na kuwa nyepesi, kisha izime na uisimamishe pikipiki kwa dabo stendi mahali palipo sawa. Fungua kwanza kifuniko cha kujazia ili hewa ipite, weka beseni chini, halafu fungua nati ya kumwagia iliyo chini ya injini, ukiwa mwangalifu kwa sababu oili hiyo inaweza kuunguza. Iache itiririke hadi ibaki kudondoka tone moja moja, na kabla ya kufunga, piga kiki mara chache taratibu huku swichi ya funguo ikiwa imezimwa, ili oili iliyojificha kwenye njia zake nayo itoke.

Usiimwage oili ile kabla ya kuitazama. Chovya kidole na ukisugue na kidole gumba juani. Oili nyeusi iliyo laini ni ya kawaida, kwani weusi unaonyesha kwamba imekuwa ikibeba uchafu kama inavyopaswa. Ung'aavu hafifu kama unga wa fedha katika pikipiki mpya nao hautishi. Lakini ukihisi chembe zinazokwaruza, au ukiona vipande vinavyoonekana kwa macho, basi kuna beringi, gia au kitu kingine kinachosagika, na pikipiki hiyo iende kwa fundi kabla ya kurudi barabarani. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake, jambo linalotokea mara nyingi baada ya pikipiki kuvushwa kwenye mto au mafuriko ya masika, na hapo inabidi imwagwe, ijazwe mpya, na imwagwe tena baada ya safari fupi. Injini nyingi zinazofuata muundo wa CG zina pia chujio la wavu lililoshikiliwa na springi nyuma ya kifuniko chake. Litoe, lioshe kwa mafuta ya taa, likauke, na ulirudishe likiwa limeelekea kama ulivyolikuta.

Nati ya kumwagia hukaa kwenye aluminiamu, ambayo ni laini kuliko chuma chake. Ianze kwa vidole mpaka iingie yenyewe mizunguko kadhaa, ndipo uishike kwa spana fupi na kuikaza kwa nguvu ya kiganja, si ya bega. Nyuzi za ndani zikishaharibika, kazi ya bure inageuka kuwa ya kupasua injini au kuchonga upya. Ukiwa na washa mpya, yaani ile ringi bapa ya kuzibia chini ya nati, iweke, maana ile ya zamani ikishabonyea hairudi kuziba vizuri.

Ujazo wa oili kwa pikipiki nyingi za daraja hili ni karibu na lita moja, na mara nyingi kiasi halisi kimeandikwa kwenye injini yenyewe karibu na kifuniko cha kujazia. Jaza pungufu kidogo, washa injini kwa dakika moja, izime, subiri oili ishuke, kisha pima. Katika pikipiki nyingi zenye kijiti, kipimo huchukuliwa kijiti kikiwa kimeegemea tu tundu lake bila kufungwa, na mtu anayekifunga kwanza atadhani oili inatosha ilhali imepungua. Usizidishe pia, kwani oili iliyozidi huongeza shinikizo ndani na kutafuta njia kwenye sili na kwenye bomba la kupumulia.

Oili chafu ihifadhiwe kwenye dumu na kupelekwa gereji inayoikusanya. Isimwagwe mtaroni, na isipakwe kwenye cheni, ingawa jambo hilo limezoeleka sana: oili hiyo imejaa masizi na chembe za chuma, yaani ndicho kitu ambacho cheni inapaswa kukingwa nacho.

Cheni

Cheni ndiyo sehemu inayotoa malipo ya haraka zaidi kwa mtu anayeitunza. Ikiwa kavu na yenye mchanga, inakula nguvu ya injini, inakula meno ya sproketi (gia za mbele na nyuma zinazobeba cheni), na siku ikikatika inaweza kujikunja na kupasua nyumba ya injini. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, wala si kwa petroli, ambayo hukausha kila kitu na pia ni hatari ya moto karibu na injini yenye joto. Ifute kwa kitambaa, iache ikauke, kisha idondoshee oili nzito ya giabox, SAE 90, upande wa ndani wa cheni huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Injini iwe imezimwa wakati wote wa kazi hii. Kuna vijana wengi waliopoteza ncha za vidole kwa sababu waliiacha injini izungushe gurudumu huku wao wakishika kitambaa. Paka jioni baada ya kazi, ili oili iingie kwenye pini usiku kucha, na ufute ya juu asubuhi, maana inayobaki nje hukusanya vumbi tu.

Ulegevu wa cheni hupimwa katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, kwa kuisukuma juu na chini kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi hizi mchezo wa milimita 20 hadi 30 ndio unaotakiwa. Zungusha gurudumu na upime sehemu tatu au nne, kwa kuwa cheni iliyochakaa hailegei sawasawa, na marekebisho yafanyike mahali ilipokaza zaidi. Wengi hukosea kwa kuikaza mno wakiamini kwamba cheni iliyokaza haitaruka, bila kukumbuka kwamba abiria wakipanda na shokapu zikibonyea, umbali kati ya sproketi hubadilika na cheni huzidi kukaza, hadi inavuta beringi za gurudumu na za shafti ya gia.

Ili kuirekebisha, ondoa kota pini (pini ya waya inayozuia nati isifunguke) kama ipo, legeza nati kubwa ya ekseli ya nyuma, kisha zungusha nati za kuvutia cheni za pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Kila upande wa mkono wa gurudumu una alama, na alama hizo zisome namba moja kulia na kushoto, la sivyo gurudumu litakaa mshazari na tairi litaliwa upande. Kaza ekseli kwa nguvu, pima ulegevu tena kwa sababu mara nyingi hubadilika wakati wa kukaza, na urudishe kota pini mpya.

Hapa kuna hatua inayosahaulika na yenye madhara. Breki ya nyuma ya dramu inavutwa na fimbo, na unapolirudisha gurudumu nyuma fimbo ile nayo huvutwa, hivyo breki inaweza kuanza kushika yenyewe bila kukanyagwa. Baada ya kila marekebisho ya cheni, zungusha gurudumu kwa mkono, na likiwa zito, legeza nati ya breki mpaka lizunguke kwa uhuru. Hakikisha pia taa ya breki bado inawaka mahali pake.

Ukibadili cheni, tazama klipu ya pingili ya kuungia. Upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda, na ule wenye mwanya uangalie nyuma, ili kitu kikiigusa kisiifungue. Na meno ya sproketi yakishachongoka na kuinama upande mmoja kama ndoana, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni. Cheni mpya kwenye meno ya zamani huharibika katika muda mfupi, na fedha iliyookolewa kwa kununua kimoja hulipwa mara mbili.

Breki na matairi

Breki za dramu hurekebishwa kwa nati moja, jambo linalowafanya watu waendelee kuikaza hadi siku ambayo hakuna kilichobaki ndani. Kwenye mkono wa breki karibu na dramu, pikipiki nyingi zina mshale mdogo na alama. Kanyaga breki na umwombe mtu atazame: mshale ukifika kwenye alama au kuipita, breki shuu zimekwisha, na kukaza zaidi hakusaidii. Unapofungua dramu, usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwani halifai kuvutwa mapafuni, bali lifute kwa kitambaa chenye maji. Paka grisi kidogo sana kwenye pini na kwenye kamu, na usiruhusu hata alama ya kidole chenye mafuta kwenye bitana, yaani uso wa shuu unaosugua dramu. Shikio la breki ya mbele liwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake, na pedeli ya nyuma milimita 20 hadi 30.

Kwa pikipiki yenye breki ya diski, unachoweza kukifanya mwenyewe ni kutazama unene wa pedi na kiwango cha mafuta ya breki kupitia kidirisha chake, ukiongeza yale tu yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Kutoa hewa kwenye mfumo huo ni kazi ya kujifunza kwanza ukiwa na fundi.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya safari. Kwa nyingi za pikipiki hizi, psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 ukiwa na abiria ni mwanzo mzuri.

Hewa, plagi na vali

Kwenye barabara za vumbi jekundu, filta ya hewa ndiyo inayoamua umri wa pistoni. Filta ya sifongo huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hulowekwa kidogo kwa oili safi na kukamuliwa tena. Filta ya karatasi haioshwi. Igonge taratibu vumbi litoke, na ikishakuwa nyeusi, badilisha. Kuendesha bila filta ili pikipiki ivute vizuri ni kuinunua injini mpya kwa awamu.

Plagi ifunguliwe injini ikiwa baridi, baada ya kufuta mchanga unaoizunguka usije ukaangukia ndani ya silinda. Ncha yenye rangi ya kahawia isiyokolea inaonyesha uchomaji mzuri. Masizi makavu meusi yanatokana na petroli kuzidi hewa, na mara nyingi sababu ni filta iliyoziba. Weusi unaong'aa kwa mafuta unamaanisha oili inapita kwenye ringi au kwenye vali. Weupe unaonyesha joto kali au hewa iliyozidi. Mwanya wa plagi nyingi za pikipiki hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Irudishe kwa vidole mpaka ikae, kisha ukaze nusu mzunguko ikiwa mpya, au robo au pungufu ikiwa ilishatumika.

Vali ndipo ninapomwekea msomaji mpaka wa hiari. Ukiwa na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya) na ukiweza kuipata alama ya T kwenye sumaku pistoni ikiwa juu na vali zote mbili zimefunga, kazi yenyewe si ngumu. Kwa Honda CG125 mwanya ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Pikipiki nyingine zina vipimo tofauti kwa vali ya kuingiza na ya kutoa, hivyo usikisie. Sauti ya kugongagonga kidogo ni afadhali kuliko ukimya wa vali iliyobanwa, kwa kuwa vali isiyofunga vizuri huungua. Mtu asiye na fila geji ampelekee fundi anayeitumia.

Nyongeza

Watu wengi huanza na taa na redio kabla ya cheni na breki, na mimi naona mpangilio huo ni wa kugeuza. Pikipiki ikishakuwa sawa, hata hivyo, zipo nyongeza chache zinazostahili fedha yake.

Chaja ya simu ndiyo ya kwanza kwa anayepokea wateja kwa simu. Chagua ile isiyoingia maji, vuta waya wake wa chanya kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 3 au pungufu iliyowekwa karibu kabisa na betri, na upitishe kwenye rilei au swichi ili ikatike funguo zinapozimwa. Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa chochote, na uurudishe wa mwisho. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa plastiki ya mfuko utaleta kutu na joto, hivyo unganisha kwa lehemu au kwa viunganishi vya kubana, funga tepu ya umeme, na uufunge mbali na usukani unapogeuka na mbali na egzosi. Kisha pima betri kwa mita: injini ikiwa imezimwa inapaswa kusoma zaidi ya volti 12.4, na ukivuta mafuta kiasi isome kati ya 13.5 na 15. Ikibaki 12 na kitu, pikipiki haichaji, na nyongeza yoyote itaimaliza betri.

Kuhusu taa ya mbele ya LED, fanya jaribio kabla ya kununua. Ikiwa taa yako huwaka tu injini inapounguruma, na mwanga wake hupanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta, basi inalishwa moja kwa moja na jenereta kwa umeme wa mkondo geu, na balbu nyingi za LED zitametameta au kuungua hapo. Unahitaji balbu iliyoandikwa kwamba inakubali umeme wa aina zote mbili, yaani wa mkondo geu (AC) na wa betri (DC). Ukishaiweka, isimamishe pikipiki usiku mbele ya ukuta ukiwa umeikalia, na uinamishe mwanga ili usiwapige machoni wanaokuja. Taa kali za nyongeza zinazotazama mbele bila mpango zimekuwa kero ya kweli kwenye barabara zetu, na anayepofushwa kwa sekunde mbili anaweza kukuingia wewe mwenyewe.

Nyongeza ya mwisho, na kwa maoni yangu iliyo na maana zaidi kuliko zote, ni kubadili sproketi ya mbele kwa jino moja. Tuseme ya nyuma ina meno 42 na ya mbele 14: uwiano ni 3.0. Ukiweka ya meno 13 uwiano unakuwa takriban 3.2, na pikipiki inapanda milima ya Lushoto na mzigo wake bila kushushwa gia kila kona, ingawa kwenye lami tambarare injini itazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule. Ukiweka ya meno 15 uwiano unashuka hadi 2.8, injini inatulia kwenye safari ndefu, lakini kuondoka na abiria wawili kutailazimu klachi ifanye kazi zaidi. Hakikisha sproketi ina tundu la shafti linalolingana na inatumia cheni ya saizi ileile, mara nyingi 428, kisha urekebishe ulegevu wa cheni na breki ya nyuma kama nilivyoeleza juu. Kwa pikipiki ambazo waya wa spidomita unatoka kwenye gurudumu la mbele, usomaji wa mwendo hautabadilika.